"Expect him to go" na "persuade him to go": muundo mmoja au miwili? Vitabu vya sintaksia vinanichanganya

Kishazi_Tegemezi:

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Najua humu kuna walimu wa Kiingereza na watu waliosoma isimu kwahiyo naomba mnisaidie maana naona hili somo linataka kunishinda. Sarufi ile ya kawaida sina shida nayo, aina za maneno, njeo, sentensi sahili, ambatano, changamano, hata ukiniamsha usiku nakujibu. Sasa tumeingia kwenye sintaksia yenyewe, michoro matawi, nadharia moja baada ya nyingine, na hapo ndo naona giza.

Chukueni hizi sentensi mbili:

"I expected the guard to open the gate."
"I persuaded the guard to open the gate."

Kwa macho yangu ni kitu kilekile. Kiima "I", kitenzi, halafu "the guard" ni shamirisho, halafu hiyo "to open the gate" inakamilisha habari. Sasa kitabu kimoja kinaniambia ni miundo miwili tofauti kabisa, eti kwenye ya kwanza "the guard" wala sio shamirisho, ni kiima cha kishazi cha chini. Nikafungua kingine kinasema hapana, ni shamirisho ila limepandishwa kutoka chini likaja juu. Cha tatu ndo kimenimaliza, kwenye sentensi ya pili kimechora tawi halafu kwenye ncha ya tawi kimeandika PRO kwa herufi kubwa, nasoma maelezo naambiwa hilo ni neno lisilotamkwa wala kuandikwa lakini lipo. Jamani. Neno halisikiki, halionekani, ila lina tawi lake na linahesabika.

Sasa nauliza nani yuko sahihi hapo, na mtu anasomaje hii kitu bila kukariri, maana kila mwandishi ana istilahi zake na mchoro wake. Na jingine linalonikera, Kiingereza sio lugha yangu ya kwanza, nikikuta sentensi imewekewa nyota mbele kwamba haikubaliki mi nitajuaje kama kweli haikubaliki? Namwamini tu mwandishi?

---

Mzee wa Matawi:

Ndugu yangu wewe hujapotea, umefika tu mahali ambapo sarufi mapokeo inaishiwa cha kusema. Ukizitazama hizo sentensi zikiwa zimekaa kimya zitafanana mpaka kesho. Inabidi uzisumbue, uzigeuze, uone kila moja inavyojibu.

Anza hivi. Kile kishazi cha chini kigeuze kiwe cha kutendwa. "I expected the gate to be opened by the guard." Umeona, maana haijaenda popote, ulichokuwa unakitarajia ni tukio, geti lifunguliwe na mlinzi, basi. Njoo kwenye ya pili: "I persuaded the gate to be opened by the guard." Hapo umekaa chini na geti ukaanza kulibembeleza! Sentensi imeharibika, na imeharibika kwa sababu ya maana, sanasana kuhusu nani anashawishiwa. "Persuade" inataka mtu wa kumshawishi, na yeyote utakayemweka pale nyuma yake atabebeshwa hiyo kazi. "Expect" haimbebeshi mtu kazi yoyote, kinachotarajiwa ni jambo zima.

Sasa chukua "there", ile ya "there is" ambayo haina maana yake yenyewe, imekaa tu kujaza nafasi. "I expected there to be trouble" hiyo safi kabisa. "I persuaded there to be trouble" hakuna anayesema hivyo, maana huwezi kushawishi kitu kisicho na maana. Vilevile "it" ya hali ya hewa, "I expected it to rain" ndiyo, "I persuaded it to rain" labda kwa mganga wa mvua. Na nahau pia zinasaidia sana hapa, Waingereza wana ile ya "the cat is out of the bag" wakimaanisha siri imevuja. Sema "I expected the cat to be out of the bag by Monday", bado tunaongelea siri. Weka "persuaded" uone, ghafla kuna paka halisi na wewe unaongea naye.

Kwahiyo majaribio yote yanakupeleka upande mmoja: kwenye "expect" yule "the guard" kimaana ni mali ya kishazi cha chini peke yake, kwenye "persuade" ana waajiri wawili, juu anashawishiwa, chini anafungua geti. Hilo hakuna mwanaisimu wa maana anayelibishia. Noam Chomsky, yule mwanaisimu wa Marekani, alishalionyesha kwenye kitabu chake cha 1965, Rosenbaum akalipanua kwenye kazi yake iliyochapishwa 1967.

Ugomvi uliokutana nao kwenye vitabu ni mwingine kabisa, ni wa mahali pa kumchora huyo "the guard" wa "expect". Postal 1974 aliandika kitabu kizima kutetea kwamba anatoka chini anapanda kuja kuwa shamirisho la juu, ndo upandishaji huo. Chomsky kuanzia 1973, na zaidi kwenye kazi yake ya 1981, akasema hapana, amebaki kulekule chini kama kiima, ila kwa kuwa kishazi cha "to" hakina njeo basi hakiwezi kukipa kiima chake umbo la kiima, ndo maana kitenzi cha juu kinamvukia mpaka na kumpa umbo la shamirisho. Ndo sababu unasema "I expected him to go", husemi "he to go". Wote wawili wanaona data ileile.

Na Postal hakuwa anaota. Angalia "They proved him conclusively to be a liar." Hiyo "conclusively" inaeleza kuthibitisha, sio kuwa mwongo. Ni kielezi cha kitenzi cha juu, na kimekaa baada ya "him". Kama "him" yuko ndani ya kishazi cha chini, kielezi cha juu kimeingiaje kati yake na "to"? Swali hilo liliwasumbua watu miaka mingi na wengi wa kambi ya Chomsky baadaye walirudi kukubali kwamba kuna aina fulani ya kupanda.

Kwahiyo ukiulizwa nani yuko sahihi, kwanza uliza ni kuhusu nini. PRO nitarudi nayo, vidole vimechoka.

---

dada_korpasi:

Shikamoo Mzee wa Matawi, umenena. Mimi niongezee pale kwenye nyota maana watu wengi wanasoma nyota kama hukumu ya mahakama.

Mdogo wangu Kishazi, nyota ni dai la mwandishi. Anasema "mimi na watu niliowauliza tunaikataa hii". Wazawa wenyewe wanabishana kuhusu hizo nyota, ndo maana utakuta alama ya kuuliza mbele ya sentensi, au alama mbili za kuuliza, au alama ya kuuliza na nyota kwa pamoja, kila mtu na mizani yake. Kwahiyo usijione mnyonge kwa kuwa sio lugha yako ya kwanza.

Unachoweza kufanya ni kwenda kwenye korpasi, yaani hazina kubwa ya maandishi na mazungumzo halisi ya lugha. Ipo ile ya Kiingereza cha Marekani inaitwa COCA, ina maneno zaidi ya bilioni moja, na ya Uingereza BNC ina milioni 100, zote unaweza kutafuta ndani yake kwa intaneti. Andika "expected there to be" uone mistari inavyomwagika, magazeti, riwaya, mazungumzo. Halafu andika "persuaded there to be". Utapata ukimya. Ila angalizo, ukimya peke yake sio ushahidi kamili, kuna sentensi nzuri tu ambazo hazijatokea popote, na kuna ovyo zilizotokea kwa sababu mtu alikuwa anaongea akakatisha njiani. Chomsky alilisema hilo mapema 1957 na ile sentensi yake maarufu "Colorless green ideas sleep furiously", wakati huo hakuna aliyekuwa ameisikia, maana yake haieleweki, lakini kila mzungumzaji anaona imejengwa sawa kuliko ukiyapanga maneno hayohayo kinyumenyume.

Kuna na upande wa pili, sentensi iliyo sahihi ambayo wazawa wanaikataa. "The horse raced past the barn fell." Hii ni ya Bever, 1970. Mpe Mwingereza yeyote aisome atakwambia mmekosea hapo mwisho. Kumbe "raced" sio kitenzi kikuu, ni kama "that was raced", farasi aliyekimbizwa kupita ghala ndiye aliyeanguka. Weka "ridden" badala ya "raced" hakuna atakayelalamika, muundo uleule. Kinachokwama pale ni msomaji kuchagua njia mapema halafu kushindwa kurudi nyuma, sarufi haina kosa. Sasa ukijua hilo utaona kwamba hata "hii inanikera masikioni" ya mzawa haitoshi, lazima uulize inakera kwa sababu gani.

Na siri moja, sisi tuliojifunza Kiingereza darasani tuna faida. Mzawa anaijua "do" ya kwenye maswali bila kujua kwamba anaijua. Wewe ulihangaika nayo.

---

Kimbunga wa Sarufi:

Mi nitatofautiana kidogo na wakubwa. Kijana anaingizwa kwenye vita vya 1973 na 1981 wakati bado hajaujua msitu wenyewe. Nadharia zinakuja na kuondoka, ukisoma ya 1965 unaambiwa kuna muundo ndani na muundo nje, ukifika 1995 kwenye ule mpango wa uchache (Minimalist Program) Chomsky mwenyewe kavitupa vyote viwili. Sasa aliyekariri miundo ndani miaka yote hiyo amebaki na nini mkononi?

Ushauri wangu soma sarufi kubwa za maelezo kwanza. Kuna ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik ya 1985, kurasa zaidi ya 1,700, na ya Huddleston na Pullum ya 2002, kurasa zaidi ya 1,800. Sio za kusoma mwanzo mpaka mwisho, ukifanya hivyo utaugua. Unaingia na swali lako unatafuta sehemu yake. Na usidhani maelezo maana yake hakuna hoja. Huddleston na Pullum ndo waliobadilisha kabisa ninavyofikiria viunganishi.

Mfano "before". Kamusi nyingi zinakwambia kwenye "before the match" ni kihusishi, kwenye "before we left" ni kiunganishi, kwenye "I had seen her before" ni kielezi. Neno moja, maana moja, vitambulisho vitatu. Wao wanauliza, mbona "know" kwenye "I know the answer", "I know she left" na "I know" hatusemi ni aina tatu za maneno? Tunasema ni kitenzi kimoja kinachoweza kufuatwa na kirai nomino, au kishazi, au kisifuatwe na chochote. Basi na "before" ni kihusishi mara zote tatu. Hoja hiyo Jespersen alishaitoa 1924, vitabu vya shule mpaka leo havijapata habari.

Au "that" ya "the house that we bought", tumefundishwa ni kirejeshi sawa na "which". Haya iwekee kihusishi mbele. "The house in which we live" inakubali. "The house in that we live" inagoma. Na haimiliki, kuna "whose" lakini kwenye Kiingereza sanifu hakuna "that's" ya kumiliki. Kwahiyo wanasema hii "that" ni ileile ya "I know that she left", inafungua kishazi tu, sio kiwakilishi cha nyumba. Hapo hujachora tawi hata moja na umeshafanya sintaksia ya kiwango cha juu.

PRO mimi siiamini. Kitu hakisikiki unakiwekea tawi, kesho utaweka na malaika.

---

Kishazi_Tegemezi:

Aisee nashukuruni sana wote, nimejaribu hilo la "there" kwenye vitenzi kibao nimeona vinajigawa vyenyewe. "Believe", "consider", "expect" vinakubali there, "force", "persuade", "advise" vinakataa. Ila nimekwama kwenye "want". "I want there to be peace" inakubali, kwahiyo nikaiweka kundi la expect. Halafu nikajaribu kugeuza sentensi yote iwe ya kutendwa, "He was expected to go" iko sawa, "He was wanted to go" naona haikai, na kwenye korpasi sizioni za namna hiyo. Sasa want iko wapi?

Na Mzee usisahau PRO, naona Kimbunga ameshaizika.

---

Mzee wa Matawi:

Marahaba dada_korpasi. Kishazi, hapo kwenye "want" umejibu mwenyewe bila kujua. Kama "him" wa "expect" amepanda akawa shamirisho la juu, ni halali awe kiima ukigeuza kutendwa. Wa "want" hakubali, maana yake hajatoka kwenye kishazi chake. Ushahidi mwingine: "What I want is for him to go." Hiyo "for" inajitokeza mara tu ukikitenga kishazi na kitenzi. Hata ukiingiza maneno kati, "I want very much for him to go". Sasa jaribu "What I believe is for him to be honest". Haiendi kabisa. Kwahiyo kundi la "want" lina kishazi cha "for ... to" ambacho "for" yake huwa imejificha ikikaa mgongoni kwa kitenzi. Kumbe una makundi matatu, sio mawili, na umeyapata kwa kusumbua sentensi tu.

PRO sasa. Kimbunga namheshimu sana ila hapo anafanya mzaha na jambo lenye hoja. Kwenye Kiingereza neno kama "himself" au "herself" linataka mwenyewe wake awe ndani ya kishazi hichohicho. "Mary thinks that John admires herself" haikubaliki hata kama Mary yupo pale juu, yuko mbali, kishazi kingine. Shika hiyo kanuni mkononi halafu soma hizi:

"She persuaded him to look after himself."
"She promised him to look after himself."

Ya kwanza poa. Ya pili mbovu, inatakiwa "She promised him to look after herself", ingawa "him" ndiye jirani wa karibu. Mbali na kwamba baadhi ya wazawa hawaipendi sana "promise" ya namna hiyo, wanaoitumia wote wanaielewa hivyo. Sasa "herself" yuko kwenye kishazi cha "to look after", mwenyewe wake anatakiwa awe humo humo ndani, na humo ndani huoni mtu. Ama uivunje kanuni ya "herself", ama ukubali kwamba humo ndani kuna kiima kisichotamkwa ambacho kwenye "promise" kinamfuata kiima cha juu na kwenye "persuade" kinafuata shamirisho. Hicho ndo wanakiita PRO, na huko kufuata ndo udhibiti. Huna haja ya kumpenda, ila mtu akimkataa lazima aeleze "herself" anatoka wapi.

Na wapo wanaoeleza bila kumtumia. Sarufi ya Bresnan na Kaplan iliyotoka 1982 haihitaji tawi tupu kwenye sentensi za namna hii, wana ngazi mbili, ngazi ya matawi na ngazi ya dhima (nani kiima, nani shamirisho), na udhibiti wanaushughulikia huko kwenye dhima. Pollard na Sag nao wana njia yao ya kuunganisha taarifa. Kwahiyo Kimbunga ukitaka kuwakimbia malaika pa kukimbilia papo, ila nauli utalipa.

Jambo moja la pembeni nalipenda. Carol Chomsky, mke wa yule Chomsky, 1969 alichunguza watoto wa miaka 5 mpaka 10 akakuta "promise" inawachelewesha, baadhi yao walikuwa wanadhani anayetenda ni yule jirani wa karibu, kama kwenye vitenzi vingine. Pia aliwaletea mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni akawauliza, huyu "is easy to see or hard to see?" Wadogo wakasema hard, maana haoni. Kwao mwanasesere alikuwa kiima cha kuona. Kwa hiyo hata wazawa "easy to see" na "eager to see" walizaliwa wakiziona zinafanana, kama wewe na walinzi wako.

---

Mchora_Matawi_JR:

Nimesoma kimyakimya nikaona niingie. Wote mmeanza na vishazi, mi namshauri aanze na vitenzi visaidizi maana pale nadharia inaonekana kwa macho bila ubishi mwingi.

Kishazi andika hii: "The house may have been being watched." Ndefu ndiyo, lakini ni Kiingereza. Sasa tazama nani anamwamuru nani. "May" inataka anayefuata awe mtupu, bila kiambishi, ndo maana ni "have" sio "has". "Have" inataka anayefuata awe na umbo la "-en", ndo unapata "been". Hiyo "be" ni ya hali endelevu inataka "-ing" kwa anayefuata, ndo "being". Na hiyo "be" ya mwisho ni ya kutendwa inataka umbo la "watched". Kila mmoja anamvalisha jirani yake wa kulia, na mpangilio huwezi kuubadilisha, jaribu kuanza na "being" uone. Chomsky 1957 aliliona hili akaandika kanuni moja fupi, kwamba "have" inakuja pamoja na "-en", "be" pamoja na "-ing", halafu viambishi vinaruka kila kimoja kwenye kitenzi kinachofuata. Mstari mmoja tu unaeleza mchanganyiko wote.

Na "do" inaingia hapohapo. Kama kuna kisaidizi, unakihamisha kwenye swali, "Has she left?" Kama hakuna, njeo inabaki yatima haina wa kuibeba, basi "do" inaletwa kuibeba, "Did she leave?" Ukilielewa hilo utajua kwa nini husemi "Did she left", njeo ni moja na imeshapata mbebaji.

Halafu chora kwa mkono. Sio kwa programu. Programu inakupa mchoro mzuri hata kama hujui unachora nini.

---

Binti wa Isimu:

Habari zenu kaka zangu na dada. Nashangaa hakuna aliyemkumbusha Kishazi kwamba ana lugha nyingine kichwani, aitumie.

Tafsiri zile sentensi zake. "Nilitarajia mlinzi afungue geti." "Nilimshawishi mlinzi afungue geti." Umeona ile -m-? Kwenye kushawishi kitenzi kinamshika mlinzi kwa kiambishi, ukisema "nilishawishi mlinzi" kwa mtu unayemjua inapwaya. Kwenye kutarajia unaweza kupita bila kumgusa mlinzi kabisa, kilichotarajiwa ni jambo zima, kama Mzee alivyosema. Sisemi ni ushahidi wa Kiingereza, kila lugha ihukumiwe kwa data yake, na hata kwetu utasikia watu wanasema "nilimtarajia mlinzi afungue", kwahiyo kutarajia nako kuna milango miwili. Ambayo kwa kweli inafanana sana na ule ugomvi wa Postal na Chomsky, amepanda au hajapanda, ila sisi akipanda tunaona alama yake kwenye kitenzi.

Na lugha za Kibantu zimechangia kwenye nadharia zenyewe. Huyo Bresnan aliyetajwa, mwaka 1987 yeye na Sam Mchombo walitoa makala kwenye jarida la Language kuhusu Kichewa, wakauliza kile kiambishi cha shamirisho ni upatanisho tu au ni kiwakilishi kamili kilichoingia ndani ya kitenzi. Jibu lao kwa Kichewa lilikuwa ni kiwakilishi kamili. Makala ile inasomwa mpaka leo. Kwahiyo usiisome sintaksia kama mgeni.

---

Kimbunga wa Sarufi:

Sawa, hiyo ya "herself" nimeisoma mara mbilimbili, nakubali kuna kitu cha kueleza. Bado sichori tawi tupu. Nitaenda kwa Bresnan.

---

Kishazi_Tegemezi:

Haha Mzee umempata mtu. Jamani mmenisaidia mno. Nimechukua majaribio yote nimepanga vitenzi kwenye daftari. "Prefer" imeangukia kwa "want", "I'd prefer there to be no noise" ndiyo, "He was preferred to go" hapana, na "for" inajitokeza vizuri. "Force" imeenda kwa "persuade" moja kwa moja.

Kinachonigomea ni "allow". "They allowed there to be a delay" nimeikuta, kwahiyo inafanana na expect. Lakini "I allowed the doctor to examine him" na "I allowed him to be examined by the doctor" naona sio kitu kimoja, ya kwanza ruhusa kapewa daktari, ya pili kama kapewa mgonjwa. Hapo ni kundi gani?

---

dada_korpasi:

Hapo umegusa pazuri. Ukitafuta allow kwenye korpasi utakuta zote, za kumpa mtu ruhusa na zile za "allow the soup to cool" ambapo hakuna anayeipa supu ruhusa, unaacha tu jambo litokee.

---

Mzee wa Matawi:

Ndiyo hivyo. "Allow" ina miundo miwili, mmoja wa kumpa mtu ruhusa unakaa na "persuade", mwingine wa kuacha jambo litokee unakaa na "expect", na sentensi yako ya daktari inaweza kusomwa kwa vyote viwili. Na ukifungua ile ya Quirk na wenzake utakuta hawakuyakata makundi haya kwa mstari, wameyapanga kama ngazi, kitenzi kimoja kinakaribia huku kingine kinakaribia kule. Huddleston na Pullum ni wakali zaidi kwenye kukata.

Kwenye daftari lako "allow" iandike mara mbili, chora michoro miwili, na chini ya kila mchoro weka sentensi inayokubali usomaji huo peke yake, huku "allow there to be", kule mtu aliyepewa ruhusa akaikataa. Mwalimu akikukata maksi kwa hilo mlete humu tuongee naye.